Ndiva Haijaenda Marekani

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeamua. Naliandika hilo kwanza, maana nikianza na mengine nitajaza daftari kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Naitwa Blessing Sifael, nina miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, na nimerudi kutoka JKT mwezi uliopita nikiwa mwembamba na mwenye sauti kubwa. Nyumbani ni huku juu ya Makanya, upande wa mlima ambako ukitazama chini unaona reli, barabara ya lami na vumbi jeupe la machimbo ya jasi. Nina nafasi ya kusoma kilimo Morogoro, na chuo kinafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Sitakwenda. Nitaomba Alderbrook, chuo kidogo cha Marekani chenye wanafunzi wasiofika elfu mbili, ambacho katika kila waombaji kumi kinachukua mmoja. Sioni kwa nini huyo mmoja asiwe mimi.

Aliyenipa habari ni Dada Ernesta wa Kighare, aliyesoma hukohuko na sasa anafanya kazi Arusha. Alikuja shuleni kwetu Same tukiwa kidato cha tano, akaongea saa nzima, wenzangu wakasinzia, mimi nikaomba namba yake. Anasema kuna njia ya kawaida, unaomba hata vyuo kumi na kusubiri mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Na kuna uamuzi wa mapema. Hapo unachagua chuo kimoja tu, na unaahidi kwa maandishi kwamba wakikukubali utakwenda kwao na kwingine kote utajitoa. Zinatakiwa sahihi tatu, yangu, ya mzazi na ya mwalimu. Mwisho wa kutuma ni tarehe moja Novemba, majibu yanatoka katikati ya Desemba, na ukikubaliwa wanakugharamia.

Mimi nimependa hapo pa kuchagua kimoja. Watu wa kuonja huku na huku siwawezi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yangu ya maji. Ndiva yetu, yaani bwawa la kitongoji, inajaa usiku kutoka kijito cha juu, asubuhi inafunguliwa, na maji yanashuka kwa mfereji kwenda shambani kwa mwenye zamu. Baba ni mwenyekiti wa kamati. Daftari la zamu analitunza kuliko cheti chake cha ndoa. Nilipotimiza miaka kumi na minane nilipewa mstari wangu humo: Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu.

Maji yalifika kwenye mahindi yangu yakiwa yamechoka. Vuli haijaonyesha hata wingu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimewaambia wazazi. Baba alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mashitaka ya watu walioibiana maji, akauliza swali moja, kama hiyo sahihi yake inamfunga na yeye. Nikasema inamfunga, kwa maana anakubali mimi nijifunge. Akasema ataisoma ikija.

Mama alikuwa na maswali zaidi.

"Utasomea nini huko?"

"Kila kitu, mama. Hisabati, historia, mimea, hata muziki. Halafu mwaka wa pili ndiyo nachagua."

"Kwa hiyo unaondoka hapa hujui unakwenda kuwa nani."

"Ndiyo mfumo wao."

"Morogoro walikuwa wanajua," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshuka Same kwa Mwalimu Muhidin, aliyekuwa mwalimu wetu wa taaluma. Yeye ndiye wa sahihi ya tatu, na ndiye wa kuniandikia barua ya kunipendekeza. Nilimkuta ameshaiandika, ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri, akanipa niisome. Imesema kwamba mimi ni mtiifu, mpole, nasikiliza wakubwa, sijawahi kuchelewa mstarini na sijawahi kubishana na mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo tena," nikasema. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nilibishana na wewe muhula mzima kuhusu jibu la swali la saba."

"Hilo ndilo nililokusitiri."

Ikanibidi nimweleze kwamba huko wanataka swali la saba. Alicheka mpaka akavua miwani. Amesema ataandika nyingine, na kwamba atataja pia kuwa nilikuwa nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hakuna mvua. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wanaoutaka Alderbrook yametoka, nimepata vizuri, alama siziandiki nisionekane najisifu. Mia na thelathini na tano kati ya mia na sitini.

Jumatatu, 14 Oktoba

Insha. Wanataka maneno mia sita na hamsini yanayoonyesha wewe ni mtu gani. Nimeandika kuhusu ndiva, jinsi Desemba iliyopita ilivyokuwa inavuja na tukaitengeneza kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo baragumu ikilia kila nyumba inatoa mtu. Nilifurahi nayo. Nikaipiga picha nikamtumia Dada Ernesta, akanirudishia ujumbe wa sauti wa dakika nne.

"Mdogo wangu, insha nzuri, lakini kila sentensi ni sisi, sisi, sisi. Tulichimba, tulibeba, tulijenga. Hawamkubali sisi. Wewe uko wapi humo? Ondoa kijiji, ujiweke wewe."

Basi nimekaa jioni nzima naondoa kijiji. Ni kazi rahisi kuliko nilivyodhani, kwa Kiingereza unabadilisha neno moja tu. Insha sasa inaanza hivi: Mimi niliijenga upya ndiva ambayo babu yangu aliianzisha. Nimeisoma kwa sauti. Inatisha jinsi inavyosikika vizuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Zamu yangu. Maji ya kuosha miguu.

Jumanne, 22 Oktoba

Same tena, steshenari kwa Devotha, kuchapisha insha na ile fomu ya ahadi ili baba aisome kabla ya kusaini. Devotha ni mkwe wa Mzee Elibariki wa kitongojini kwetu, kwa hiyo ilibidi nikae nijibu habari za kila mtu mlimani. Nakala ya kwanza ilitoka na wino umefifia upande mmoja, akanitolea nyingine. Nimerudi na karatasi zikiwa safi ndani ya bahasha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kuna kitu. Asubuhi pale ndiva walikuwapo watu saba, nikawasalimia, wakaitikia wawili. Mzee Elibariki nilimwamkia mara mbili. Ya pili akasema marahaba huku akitazama maji, kana kwamba nimeyaficha mfukoni.

Huyo mzee sijawahi kumpenda. Kila kikao anasema ndiva ilianzishwa na babu yake, na kila kikao baba anasema ilianzishwa na babu yetu, na wote wawili hawakuwapo. Si ubishi wa bure. Ukoo ulioanzisha ndio unaodai maji ya kwanza kiangazi kikibana, na mwaka huu kimebana.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimejua.

Ile nakala iliyofifia niliiacha steshenari. Devotha ameisoma, kidato cha nne alifaulu Kiingereza, tatizo ndilo hilo. Amempigia simu mkwewe na kumwambia kwamba binti wa Sifael ameandika yeye ndiye aliyeijenga ndiva, na kwamba babu yake ndiye mwanzilishi. Kuna na karatasi ya pili ya ahadi isiyovunjika, yenye mahali pa Sifael kuweka sahihi, na zote zinapelekwa Marekani.

Kitongoji kizima kinasema baba ameiandikisha ndiva Marekani kwa jina langu.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, kwa sababu baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamati na bahasha iko mapajani.

"Nisomee ulichoandika," akasema. "Kwa Kiswahili. Usiruke."

Nikamsomea. Nilipofika mwisho wa sentensi ya kwanza aliinua mkono.

"Nani aliijenga?"

"Baba, ni namna yao ya kuandika. Wanataka kumjua mtu mmoja."

"Sijauliza wanataka nini. Nimeuliza nani aliijenga."

 Akarudisha karatasi kwenye bahasha bila kuikunja. Akasema yeye ni mwenyekiti, na hawezi kuweka sahihi yake karibu na maneno hayo watu wakiwa bado wanaongea. Mpaka waridhike, hasaini. Nikamkumbusha kwamba mwisho ni Ijumaa ijayo. Akasema basi waridhike kabla ya Ijumaa.

Nimemkasirikia sana. Morogoro wanafungua Jumatatu na nafasi nimeshaiachia. Baba asiposaini nitakaa mwaka mzima nikimwagilia mahindi, na wa kulaumiwa atakuwa mwanamke wa fotokopi.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya ibada katibu wa kamati ametangaza kikao cha ndiva Jumatano saa tisa. Hakutaja sababu. Wote waligeuka kunitazama na mimi nikatazama mbele, kichwa juu, kama tulivyofundishwa kwenye gwaride.

Jumatatu, 28 Oktoba

Dada Ernesta anashauri nimwombe mama asaini badala ya baba. Fomu inasema mzazi, haisemi yupi. Nimemwambia hajui anachokiomba. Kisha nikamwendea mama nikamwomba. Mama akasema hajui ninachokiomba.

Jumatano, 30 Oktoba

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Kikao kilikaa pale pale ndiva, watu juu ya mawe ya ukingo, zaidi ya hamsini. Devotha alipanda kutoka Same akiwa amevaa vizuri kama shahidi. Baba alisema jambo linahusu nyumba yake, hivyo hataongoza, akampa kiti Mama Anaeli, mjumbe mkubwa wa kamati kwa wanawake, ambaye hata mbuzi wake wanamwogopa.

Mzee Elibariki akasimama kwanza. Nilijiandaa kwa kelele, lakini aliongea taratibu.

"Kuna karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Imetaja ndiva hii. Imetaja babu wa mtu. Chini kuna mstari wa mwenyekiti wetu kutia sahihi. Mimi sikusoma, lakini karatasi ya namna hiyo naijua. Kiwanja changu cha Makanya kiliondoka kwa karatasi ya namna hiyo, niliambiwa ni ya kupimiwa tu. Sina ugomvi na mtoto. Nataka isomwe hapa, kila neno, na Devotha awe anafuata kwenye nakala yake."

Habari ya kiwanja sikuwahi kuijua. Miaka yote nimemwona ni mzee mbishi tu, kumbe ana sababu. Hapo hasira zikaanza kunitoka bila mimi kutaka.

Nikasimama. Nikaanza na fomu ya ahadi, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa na uhakika nayo. Nikawatafsiria mstari kwa mstari. Mimi Blessing naomba chuo hiki kimoja. Nikikubaliwa nitakwenda. Nikikubaliwa nitajitoa kwingine kote. Mzazi anajua. Mwalimu anajua.

"Ngoja," akasema Mama Anaeli. "Ukipewa huruhusiwi kwenda kwingine?"

"Siruhusiwi, mama."

"Na usipopewa?"

"Nakaa nyumbani."

"Hiyo si zamu tu?"

"Ni zamu. Mtu akichukua ya Alhamisi haombi tena ya Ijumaa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nimetumia wiki tatu kumweleza mama mfumo huu, na hapa umeeleweka kwa maneno manne. Nikaona nimeshashinda, nikaanza kukunja karatasi.

"Soma na ile nyingine," akasema Mzee Elibariki.

Hapa ndipo pa aibu. Niliifungua insha, na nikiwa nimesimama pale nilipanga kuiruka. Ningesema tu kwa Kiswahili tulijenga, na nani angejua? Angejua Devotha, sawa, lakini ningeweza kubishana naye, mimi nina daraja la kwanza. Nikamtazama baba. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama chini kwenye viatu vyake kama mtu anayesubiri kuumizwa. Nikasoma kama ilivyo.

"Mimi niliijenga upya ndiva ambayo babu yangu aliianzisha."

Wote waligeuka wakautazama ukuta walioujenga. Ingekuwa afadhali wangeguna.

"Mwanangu," akasema Mzee Elibariki, "wewe ulibeba mawe mangapi?"

"Sikubeba, mzee."

"Udongo?"

"Ndoo mbili."

"Ya pili uliimwaga njiani," akasema mama kutoka nyuma, na hapo watu wote wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka.

Mzee akasubiri wamalize. "Sasa kwa nini umeandika umejenga?"

"Niliambiwa niandike nilichofanya mimi mwenyewe. Nikaona nilichofanya ni kidogo mno."

"Ulifanya nini?"

Kabla sijajibu, fundi Gadiel, aliyeongoza ujenzi ule, akaongea akiwa amekaa. "Si ndiye aliyefunga maji Jumapili ile tukiwa kanisani."

Basi ikabidi nieleze. Desemba iliyopita ndiva ilikuwa inalala imejaa na kuamka nusu. Miaka sita watu walikuwa wanaziba chini, kila mwaka udongo mpya, na kila mwaka inavuja. Mimi nikafikiri hivi: maji yanayovuja yatashuka mpaka usawa wa tundu, yakifika hapo yataacha kushuka. Jumapili hakuna mwenye zamu. Nikamwomba baba tufunge kijito kwa siku moja, nikachomeka fimbo niliyoichora alama, nikakosa ibada, nikakaa nayo kuanzia asubuhi mpaka jioni nikiandika kila nusu saa. Saa tisa maji yakaacha kushuka. Yalisimama usawa wa goti, mbali kabisa na chini. Nikazunguka ukuta kwa urefu ule ule nikipapasa, nikapata tundu nyuma ya jiwe kubwa upande wa juu, ambako hakuna aliyewahi kupatazama kwa kuwa ndiko kulikoonekana kuzima. Nikamwambia baba. Jumanne baragumu ikalia, watu arobaini wakajenga.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasema maji yanaingia mwambani," akasema Mzee Elibariki polepole. "Miaka sita. Na hilo la goti hukuliandika?"

"Sikuliandika."

"Basi umeacha kazi yako ukachukua ya kwetu."

Hakulisema kwa ubaya. Lakini nimepigiwa kelele na maafande miezi mitatu na hakuna neno lililoniingia kama hilo. Nikasema samahani. Nilisema kwa sauti, kwa wote, na nilimaanisha.

Kilichofuata hakikuwa na uzito lakini ndicho kilichochukua muda mrefu. Mama Anaeli akasema insha iandikwe upya na suala liishe. Mzee Elibariki akasema vizuri, na kwenye babu liwekwe jina la babu yake. Baba akasema hilo haliwezekani. Wakaanza. Jua likashuka upande wa Simanjiro wakiwa bado kwa babu, mpaka Mama Anaeli akapiga kofi gotini.

"Blessing, andika kwamba aliyeianzisha hajulikani, na sisi wenyewe tunagombana. Si ni kweli?"

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyepinga.

Ndipo baba akatoa kalamu. Alisaini juu ya daftari la zamu, mbele ya watu, sahihi yake ndefu ya vikao. Nikanyoosha mkono kuchukua fomu, Mzee Elibariki akaniwahi. Akasema karatasi yenye ahadi ya namna hii haiwezi kwenda bila shahidi. Nikamwambia hapana mstari wa shahidi. Akasema waliosahau ni wao. Akaandika jina lake pembeni, herufi moja moja, Elibariki, na kitongoji, na tarehe.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimeandika insha upya tangu alfajiri na kumaliza kabla ya zamu yangu. Ina fimbo, nusu saa, goti. Ina watu arobaini wanaojenga na mimi ndoo moja na nusu. Ina mababu wawili wanaogombaniwa na wajukuu. Dada Ernesta ameisoma, hajatuma sauti ndefu safari hii. Amesema, "Sasa nimekuona. Tuma."

Ijumaa, 1 Novemba

Imekwenda, saa kumi jioni, kutoka ofisini kwa Mwalimu Muhidin. Alisaini, akaiskani fomu, akaitazama kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu Elibariki ni nani yako?"

"Ni jirani. Tunagombania maji."

"Amesaini kama nani?"

"Kama Elibariki."

Dada Ernesta naye alipiga simu akiwa ameshika kichwa, najua kwa sauti. Wataifikiriaje sahihi ya nne? Nikamwambia wakishindwa kuielewa waniulize, nina majibu.

Jumanne, 5 Novemba

Morogoro wenzangu wanatuma picha za bweni. Magodoro yanaonekana mazuri. Sijutii. Kidogo jana, kama dakika ishirini.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Ilianza mchana wa saa saba, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Mama alisimama mlangoni akicheka peke yake.

Alhamisi, 14 Novemba

Ndiva imejaa mpaka juu, hakuna anayehitaji zamu, lakini nilikwenda kwa mazoea. Mzee Elibariki alikuwapo naye kwa mazoea. "Wamesema?" akauliza. Nikamwambia bado mwezi mzima. Akashangaa kikao gani hicho cha kukaa miezi miwili. Tukakaa juu ya ukuta tukitazama maji. Ameniuliza kama huko Marekani kuna milima, nikamwambia chuo kiko milimani kabisa, na kuna theluji. Akaonekana kuridhika na milima.

Alhamisi, 21 Novemba

"Wamesema?"

"Bado, mzee."

Alhamisi, 28 Novemba

Bado, mzee.

Jumatano, 4 Desemba

Mahindi yamefika kiunoni. Mama ameanza kuuliza maswali ya pembeni, kama huko kuna maharage, kama wanaruhusu kuja na blanketi. Nikimjibu anasema alikuwa anauliza tu. Mimi sina wasiwasi. Ile insha nimeisoma tena leo na ingeletwa kwangu ningemchukua huyo msichana kabla sijafika ukurasa wa pili. Wakimkataa watakuwa wamekosea, kama Mwalimu Muhidin kwenye swali la saba.

Ijumaa, 13 Desemba

Majibu yanatoka leo jioni ya kwao, ambayo kwetu ni saa tisa ya usiku. Dada Ernesta amesema atakesha. Mimi nakwenda kulala. Barua haibadiliki kwa kutazamwa.

Jumamosi, 14 Desemba

Nililala kweli. Niliamka saa kumi na mbili, nikapanda mpaka pale mgongoni mwa mlima ambako mtandao unashika, nikafungua. Nilitarajia maneno mengi, nikaona moja tu juu kabisa, na chini yake karatasi za rangi zinaanguka kwenye kioo cha simu kama harusini. Hongera. Nikafunga, nikafungua tena. Hongera. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nilijua." 

Baba alikuwa ndiva akisafisha mlango wa mfereji. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kutoa majani. Nikamwambia wamenikubali. Akasimama. Akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akakausha kwenye suruali, ndipo akanipa mkono, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima.

"Unaondoka lini?"

"Mwezi wa nane."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Akalichukua daftari la zamu lililokuwa juu ya jiwe. Wiki hii anaandika orodha ya mwaka mpya. Akafungua Alhamisi. Majina yote yalikuwa kwa wino, ila langu tu kwa penseli.

Sheria hiyo naijua tangu mtoto. Anayeondoka mlimani kwa zaidi ya mwaka, zamu yake inarudi kwa kamati. Walikatwa waliokwenda Dar, alikatwa shangazi alipoolewa Lushoto, na wote walilalamika. Sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu.

"Si ingengoja mpaka Agosti?" nikauliza.

"Masika inaanza mwezi wa tatu. Atakayepewa anatakiwa apande akijua ana maji." Kisha akasema, "Uliahidi, na mimi nikaahidi. Kwingine kote utajitoa. Na hapa ni kwingine."

Akanipa kalamu. Hakutaka kukata yeye, nililiona hilo usoni mwake. Nikaweka daftari gotini nikakata jina langu, mstari mmoja, mnyoofu. Blessing Sifael, saa mbili hadi saa tatu. Baba akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akasema nishuke nikamwambie mama.

Nilikuwa nimepanga kukimbia. Tangu Oktoba nilikuwa nimepanga nitakavyoteremka mlima ule nikipiga vigelegele, nione nani atabaki ndani. Sikukimbia. Nilishuka hatua kwa hatua nikilia kama niliyefiwa, kamasi na machozi, napita mahindi ya watu siwaoni. Mama alikuwa uani na ungo wa mchele. Aliponiona akauweka chini, akaja akanikumbatia, akaanza kunibembeleza, basi mwanangu, basi, Morogoro bado wapo, mwakani utaomba tena.

Ilinibidi nimwambie mara tatu kwamba nimepata.